Konde

Miaka kumi na mmoja hapa Winnipeg
nimekuwa nikiupiga moyo konde:
zamu ya usiku kiwandani, kodi,
simu ya Bukavu saa tisa za usiku.
Januari, koleo mkononi,
theluji mlangoni imenifika magotini,
moyo nao ukarudisha.

Konde moja tu.
Wala si kifuani nilikodhania:
tayani, bega la kushoto,
na jasho, katika nyuzi ishirini chini ya sifuri.
Nikasema ni kiungulia, ni sombe ya jana.
Nabintu hakubishana. Akapiga simu.

Daktari alinionyesha picha:
mshipa mwembamba kama uzi wa cherehani,
mafuta yameganda humo
kama karai lililolala bila kuoshwa.

Sasa chumvi inakaa juu ya kabati,
anayeifikia ni Nabintu peke yake.
Sigara nilimpa jirani anitunzie,
akazitupa.
Jioni natembea hadi mtoni na kurudi,
vidonge vikilia mfukoni kama kayamba.

Na ndugu wakinipigia, "Kaka, piga moyo konde,"
nawaambia hapana.
Huu umeshapigwa vya kutosha.