Daftari la Tini

Binamu Hendrika,
umeniandikia kutoka Leiden ukitaka nasaba:
majina na tarehe tu, umesema, yasizidi karatasi moja.
Nimekaa siku nne chumba cha nyuma cha kanisa la Buca,
mhudumu akiniletea chai kwenye vigilasi visivyo na mkono,
na karatasi moja haitoshi.

Wa kwanza ni Joost Terwael.
Alishuka Smirna na marobota sitini ya sufu,
barua ya utambulisho na jino bovu.
Alikuja kwa miaka mitatu.
Leo mvinje umeinua kona ya jiwe la kaburi lake.

Alimwoa Marigo, binti wa mpima mafuta,
asiyejua Kiholanzi hata cha kuombea chumvi.
Joost naye hakuwa na Kigiriki cha kuikataa.
Wakazaa tisa.

Daftari lake ninalo. Moto ule mkubwa uliila pambizo,
kila mstari unaishia kwenye weusi. Soma nami:

Jumatatu. Tini masanduku arobaini. Mawili yana funza.
Mke kajifungua, wa kike. Upepo wa kusini.
Zabibu, magunia

Basi. Tini zina daraja, mtoto hana jina.
Nilimtafuta kwenye vitabu vya ubatizo, vya kwetu na vya Wakatoliki,
nikamkuta ukurasa wa ndoa za watu wengine,
shahidi, bibi wa miaka sitini,
saini yake imeegemea kushoto kama mtu anayesikiliza:
Annetta, wa Joost.

Joost akamzaa Justus, Justus akamzaa Giusto,
Giusto akamzaa Juste.
Jina lilibadilika kila walipobadilika wateja.
Walihesabu kwa Kiitaliano, wakasali kwa Kifaransa,
wakagombana na wapagazi kwa Kituruki,
wakatukana kwa Kigiriki cha Marigo.
Kiholanzi kilibaki kwenye fomu za ubalozi.

Mtoto, mjukuu, kitukuu, kilembwe, kilembwekeza, kining'ina.
Nimehesabu kwa vidole: kining'ina ni mimi.
Wanangu hawana neno.

Sasa picha. Nyuma imeandikwa kwa penseli: Pasaka, bustanini.
Juste kitini, mzee, masikio yametoka kama vipini vya sufuria.
Babu Edmondo, masikio yaleyale.
Shangazi watatu wameyafunika kwa kofia.
Na ukingoni, sinia mkononi, Evanthia mpishi,
aliyezaliwa nyumba ileile, chumba cha juu ya stoo.
Hana kofia.
Tazama masikio.

Mwaka wa moto Babu alisimama gatini
na pasipoti ya nchi ambayo hajawahi kuiona.
Ikampandisha merikebuni.
Evanthia alikuwa na sinia, na funguo za stoo ya nyumba inayowaka.
Hakuna daftari lililomwandika baada ya hapo.
Nimeuliza Pirea. Nimeuliza Thesaloniki.

Unauliza sisi ni mlango upi wa ukoo.
Hendrika, mimi sijui mingine,
ila upo mlango wa jikoni.

Kwenye mti wako nimechora mstari wa nukta
kutoka kwa Juste mpaka kwake.
Ukiona haifai, ufute.
Mimi nimetumia wino.

Nakutumia pia tini, kilo mbili, za msimu huu.
Nimezikagua moja moja.