Saa Kumi na Mbili Kamili

Lifti ilitutema ghorofa ya kumi na moja,
mimi na Kidawa, na viatu vyake vya kuazima.
Saa tatu za usiku Glasgow, mwezi wa Juni,
na jua lingali juu,
limejikalia kama mgeni asiyejua kuaga.
"Usiku gani huu?" nikamuuliza.
"Wa kulipia," akanijibu. "Nyoosha shingo."

Eda yangu ilikwisha Jumanne.
Miezi minne na siku kumi ndani ya flati ya Govanhill,
nikichora misalaba midogo kwenye kalenda ya duka la nyama.
Kidawa hakunipa hata wiki:
"Vaa. Mji umekusahau, twende ukaukumbushe."

Tukapewa meza ya ukingoni, chini ya hita
iliyotuchoma utosi ikatuachia miguu baridi.
Meza ya jirani, bibi harusi mtarajiwa
na shela ya plastiki,
shoga zake wanamlisha zeituni kwa kijiti.
Akaniinulia glasi. Nikainua yangu, ya maji.
Mmoja anaingia, mmoja anatoka,
mlango ni uleule.

Mhudumu kaandikwa Callum kifuani.
Kidawa akamwita Kalamu, naye akaitika.
"Kalamu, tuandikie viwili visivyo na kilevi."
Akaleta virefu, vya kijani, barafu ya kupondwa,
tango limekunjwa kama utepe wa zawadi,
na juu yake, nikanusa,
hiliki.
Pauni tisa! Punje tatu za hiliki,
ambazo kwangu huzitupia chai bila kuhesabu.
"Kunywa," akasema Kidawa, "umelipia upepo."

Nilikuwa nimevaa saa ya Faki.
Mkanda nimeutoboa tundu jipya kwa msumari.
Faki hakuiamini saa ya nchi hii.
Kila magharibi alikivuta kile kitufe cha pembeni,
akazirudisha akrabu kumi na mbili kamili,
kama babake, ambaye siku kwake
ilizaliwa jua likizama.
Disemba aliifanya kazi hiyo alasiri, ghalani,
glavu kaing'ata kwa meno,
kati ya makasha ya samaki wa barafu.
Juni alikesha dirishani akigombana na anga:
"Tua basi, watu tuna zamu alfajiri!"
Nilimcheka.
Miaka kumi na tisa nilimcheka.

Tangu Februari hakuna aliyeigusa.
Betri nzima, inatembea,
ila saa inayoisema si ya mtu yeyote.

Kule ng'ambo, nyuma ya winchi kuukuu ya mto Clyde,
wingu likaingia kati.
"Limetua," nikasema.
"Halijatua. Limejificha."
Tukabishana hadi tukamwita Kalamu.
Akaweka trei, akafumba jicho moja,
akasema yeye hutazama shakwe:
wakilihama paa la stesheni, ndiyo basi tena.
Tukawatazama shakwe.
Walikuwa wanagombea chipsi.

Kisha mmoja akaruka. Wakafuata wawili.
Sikungoja waliobaki.
Nikakivuta kitufe kwa ukucha, kigumu,
kidole changu hakijawahi kutumwa kazi hii.
Akrabu zikazunguka, zikapita
saa zote nilizolala na nilizosingizia kulala.
Kumi na mbili.
Nikakisukuma ndani. Tik.

Kidawa alinyamaza, na Kidawa hanyamazi.
Akaichukua punje ya hiliki kwenye glasi yangu,
akaitafuna.

Bibi harusi akavunja glasi, wenzake wakashangilia.
Kalamu akaja na ufagio,
akauliza kama tutaongeza, wanakaribia kufunga jikoni.
"Saa ngapi?"
Akachungulia simu: saa nne na robo, imekwenda sana.
"Haijakwenda," nikamwambia.
"Usiku ndio kwanza unaingia.
Lete viwili tena.
Na hiyo hiliki, mwanangu, usiogope mkono."