Ukurasa wa Kumi na Saba

Alishuka kutoka upande wa Lanet saa sita juu ya alama,
bahasha ya kaki kwapani, kofia imefunika nyusi.
"Kopi tatu. Na usisome."
Nani husoma? Mimi nauza shilingi tano kwa karatasi.

Mashine ilimeza kumi na sita kwa utulivu.
Ya kumi na saba ikakwama.
Nikaivuta ingali moto, wino ukinishika vidole,
na macho hayana pazia:
muhuri, tarehe, safu ya majina,
chini yake mstari mmoja wa taipu:
siku mbili bila maji, hakuna aliyetumwa kuwafuata.
Jina la tisa, Ombati,
wa Kerubo muuza viazi, hapa hapa Bondeni.

Redio ya kinyozi jirani, sauti laini kama samli:
vikosi vyetu vimejipanga upya,
majeraha ni madogo.
Kisha tangazo la sabuni.

Yule mtu akahesabu kurasa mara mbili,
akasahau iliyokunjamana.

Nilingoja magazeti wiki nzima.
Jumapili yalitoka na bendera,
rangi kamili, kurasa mbili za katikati.

Jumatatu Kerubo akaja na kitambulisho chake.
"Umesikia? Wamesema wote wazima."
Nikapangusa kioo cha mashine.
Nikakipangusa tena.
Chini ya trei karatasi ile ingalipo,
wino umekula nusu ya jina,
limebaki Omba.

Nilimtoza shilingi tano.