Glovu za Namba Kumi na Saba

Javaris, nimeyasoma magazeti ya hapa Buffalo:
yameshakuhesabia yadi elfu moja
nawe hata kamba za viatu hujafunga.
Mimi nafua jezi humu mwaka wa ishirini na tisa.
Najua msimu wa kwanza unavyonuka:
matope, dawa ya misuli, benchi.

Septemba utakimbia ulikoelekezwa,
utakuwa peke yako, mkono juu,
na mrushaji atamtazama mwingine.
Rudi. Inama. Kimbia tena.
Oktoba utaudondosha, watu elfu sabini wagune kwa koo moja.
Novemba upepo wa ziwani
utaufanya mpira jiwe.

Nidakie ishirini na mitatu, basi,
mingine ya yadi nne tu, iliyolipiwa kwa mbavu.
Yadi na yadi hujaza kibaba.
Na umzuie beki mwenzako apite,
kazi ambayo hakuna atakayeiandika.

Jana mama yako alipiga simu kutoka Shreveport.
Hakuuliza habari za mpira.
Aliuliza kama una soksi nzito.
Nimeziweka kabatini mwako,
chini ya glovu ambazo bado hazijachanika.