Amepita Mbali

Grimsby, zamu ya usiku. Daiva na daftari lake:
"toa" ukilibandika "juu", umekata tamaa;
"tazama" likifuatwa na "baada", unatunza mtu.
Kineno sawa na punje ya mchele
kinaipindua sentensi nzima.

Bi Winifred wa chumba namba tisa
humsahihisha, makombo ya biskuti kidevuni:
"Waingereza koti hatulivai, binti.
Tunaliweka juu."
Daiva huandika. Hufuta. Huandika.

Alhamisi muuguzi akamwambia pale mlangoni,
kwa sauti ya chini:
amepita mbali.

Daiva akanyakua lile koti la sufu,
akatimua mbio kuelekea kituo cha basi.
Mvua hii, na bibi hajaweka kitu juu!
Kwa miguu ile,
hawezi kuwa amefika mbali.