Fotokopi ya Bi Somoe

Ghala la chama, Tandahimba, saa nne usiku, feni imekufa.
Bei ya jana niliinakili, nikaiita ya leo;
ya leo nikaipandisha,
ya jana haikutikisika.
Nikafurahi mapema.

Maana orodha ya magunia ya Bi Somoe Nantipa
niliipa jina la pili, "jaribio",
humo nikafuta gunia moja tu.
Nikafungua ile ya kwanza:
pengo.

Asubuhi nikamweleza. Akacheka,
akachomoa mkobani stakabadhi na fotokopi yake.
"Karatasi mbili, rundo lile lile.
Ukitaka korosho nyingine, mwanangu,
kapalilie."

Sasa nanakili gunia kwa gunia,
kilo kwa kilo.
Mwenyewe kasimama mlangoni,
anahesabu kwa midomo.