Kalenda ya Jikoni

Daktari Riina alinipa kazi na penseli:
duara kwa siku njema, mkasi kwa siku mbaya.
"Mikasi ikizidi maduara, Bwana Endel, nipigie."
Nikaitundika kalenda karibu na jiko la kuni,
kwenye msumari uliokuwa wa kofia ya Leida,
nikawa karani wa maisha ya paka.

Pipar ana miaka kumi na tisa.
Figo zimenywea, na maji aliyonayo hayamtoshi.
Kila jioni namwekea dripu chini ya ngozi ya shingo,
nimembana kati ya magoti, namwomba radhi,
na maji yanamtuna begani kama nundu.
Zamani alining'ata. Hiyo ilikuwa duara.
Siku aliyoacha kuning'ata
nilikaa muda mrefu na penseli mkononi.

Nikachora duara.

Niseme ukweli: niliidanganya kalenda.
Februari yote. Alikojoa ndani ya kiatu: duara.
Alisusa samaki, akalamba mchuzi mara mbili: duara, tena nene.
Alisimama mbele ya bakuli la maji
kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata,
dakika kumi, kumi na tano,
nami nikajiambia: anafikiri.

Binti yangu Maarja anapiga simu kutoka Oulu:
kuna dawa mpya, kuna mashine, pesa atatuma.
Mwanangu Taavi anasema, Baba, maji yamezidi unga.
Wote wawili wanampenda.
Hakuna anayemnyanyua saa tisa usiku
ampeleke kwenye mchanga wake.

Huku Tartu mtaa wetu una barabara zenye majina ya mboga.
Nilimbeba ndani ya koti, nikapita ya Njegere, nikapita ya Maharagwe,
nikampima kwenye mizani ya viazi ya jirani yangu Hilja.
Kilo mbili na robo.
Hilja hakusema kitu. Aliifuta sahani ya mizani
kabla sijamweka, wala si baada ya kumtoa.

"Ana roho ya paka," tulikuwa tukisema juu ya Leida.
Mara tatu walituita hospitali tukamuage,
mara tatu akaamka akadai kahawa.
Mara ya nne ilikuwa mirija tu, na taa, na wiki tano,
na hakuna aliyeniuliza kitu.
Nilitamani mtu aniulize.

Haya, nimeulizwa.

Nilipiga simu Jumatatu. Nikasema: Alhamisi.
"Nimechagua siku sahihi?"
"Hiyo haipo," alisema Riina. "Tunatafuta tu siku isiyo mbaya."

Jumatano akala.
Mshenzi yule, akala! Samaki wawili wadogo wa moshi,
akanawa uso, akajikokota hadi kitini kwa Leida
akaanza kukoroma kama cherehani.
Nikashika simu. Nikabonyeza tarakimu nne.
Nikaiweka. Nikaishika tena.
Mwishowe niliketi sakafuni, ubavuni mwa kiti,
nikala kichwa cha samaki alichobakiza.
Hilo ndilo duara la kweli la kwanza tangu Krismasi.
Nililichora polepole, likatoka kama yai.

Alhamisi daktari alivua viatu mlangoni.
Alipopiga magoti, magoti yake yalialika kama yangu.
Sindano ya kwanza ni ya usingizi. Ya pili sikuitazama.
Nilitazama sikio la kushoto, lenye pengo la ugomvi wa zamani;
nililiona likisikiliza, kisha likaacha.

Taavi alikuja na sururu, maana ardhi ilikuwa barafu.
Maarja hakunipigia kwa siku nane.
Ya tisa aliuliza tumemlaza upande gani wa ua,
nikamwambia, akauliza tena.

Bado naamka saa tisa usiku.
Nawasha taa ya jikoni. Kisanduku cha Alhamisi kiko wazi,
si duara, si mkasi.
Penseli imevunjika ncha
na kisu kipo hapo hapo mezani.